Mita Sita Kabla ya Mstari

Asikudanganye mtu kwamba kushindwa ni kazi rahisi. Mimi nilimwona mdogo wangu Lyndon akihangaika kushindwa alasiri nzima, mbele ya watu mia sita waliolipa kiingilio, na nusura ashinde. Mpaka leo nikikumbuka nacheka, halafu nakasirika, halafu nacheka tena, na mwisho najichukia mwenyewe, maana ushauri ulikuwa wangu.

Naitwa Avril Ruddock. Nimekaa jukwaa la karibu na mstari wa kumalizia pale Skelby kwa miaka thelathini na minane, mvua inyeshe, upepo uvume, kalamu mkononi. Sisi watu wa spidwei, mbio za pikipiki, ndivyo tulivyo. Wenzetu wa mpira wanakwenda uwanjani kupiga kelele, sisi tunakwenda kuandika. Kila mtu ana kijitabu chake cha mechi, na mbio ikiisha utaona vichwa vyote vimeinama, tunajaza nani wa kwanza, nani wa pili, sekunde ngapi. Asiyejaza tunamwangalia kama mgonjwa. Mimi nilijaza vizuri mno hadi klabu ikanipa kazi ya kutunza hesabu za waendeshaji wetu wote. Mshahara hakuna, ila chai nakunywa bure, na mtu akitaka kujua pointi za fulani mwaka fulani, ananitafuta mimi.

Mchezo wenyewe hauna siri. Watu wanne, wawili wetu na wawili wao, mizunguko minne kuelekea kushoto juu ya changarawe nyekundu. Wa kwanza pointi tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anakula changarawe. Mbio kumi na tano, kisha mnarudi nyumbani mkiwa na mchanga mpaka kwenye meno. Pikipiki hazina breki. Narudia: hazina breki kabisa, na hilo likae kichwani, maana ndilo lililotuponza.

Mchezo ni rahisi, ila ligi yenyewe, Mungu wangu! Ukitaka kuielewa ligi ya spidwei ya Uingereza, uanze ukiwa mdogo na usiwe na shughuli nyingine. Mtu mmoja anaendesha timu mbili katika ligi mbili. Mwendeshaji wetu akivunjika mkono, tunaazima wa timu nyingine. Mwaka ule kuna bwana mmoja alituendeshea sisi Alhamisi, Jumamosi akaja kutupiga, Jumatatu akarudi kwetu na koti letu mgongoni, na watu wakampigia makofi mara zote tatu kwa kuwa hakuna aliyekuwa na uhakika.

Kubwa kuliko yote ni kikomo. Wenye timu wanataka timu zote zilingane nguvu, kwa hiyo kila mwendeshaji anapigiwa wastani wake, yaani kwa kawaida anapata pointi ngapi kwa mechi. Ukipanga timu ya mwaka unaofuata, unajumlisha wastani wa watu wako saba, na jumla isizidi kikomo walichokiweka. Mwaka ule kikomo kilikuwa arobaini. Maana yake nini? Maana yake timu ikifanya vizuri mwaka huu, mwakani inavunjwa. Na mtu aliyeharibu msimu mzima anagombewa kwa sababu anaingia kwenye hesabu. Sijui kazi nyingine duniani ambako mtu anafukuzwa kwa kosa la kuimarika.

Sasa tuje kwa Lyndon. Ana miaka arobaini na mitatu, fundi wa kuezeka paa kwa vigae, mgongo mbovu, goti moja lina chuma. Timu yetu inaitwa Korongo wa Skelby, na yeye amekuwa Korongo kwa miaka tisa. Msimu ule alikuwa mbovu, nasema kwa mapenzi yote. Hakushinda mbio hata moja, Machi mpaka Septemba. Lakini ubovu ule ulikuwa na kiwango chake kizuri. Clive Sturgess, mwenye timu, alitaka kubaki na wale sita wengine wote, na jumla yao ilikuwa thelathini na tano nukta nane. Toa kwenye arobaini, inabaki nne nukta mbili. Lyndon alikuwa na nne nukta mbili barabara. Kama vile wamemshonea.

Ilibaki mechi moja. Ya nyumbani, Jumapili saa tisa alasiri, dhidi ya Drayford, na haikuwa na maana yoyote: sisi tulikuwa wa pili kutoka chini, wao wa tatu kutoka chini, na hakuna aliyeweza kupanda wala kushuka. Ijumaa yake nikampikia Lyndon, nikamsubiri ale soseji zote, ndipo nikamwekea karatasi mbele yake.

"Hii nini tena?" akauliza.

"Hii ni kazi yako ya mwakani. Una mbio nne Jumapili. Ukipata pointi nne, wastani wako unakuwa nne nukta moja tisa. Uko ndani. Ukipata tano, unakuwa nne nukta mbili tatu. Uko nje."

"Kwa pointi moja?"

"Kwa pointi moja."

Akaitazama ile karatasi kama bili ya umeme. "Si Clive aniache tu niende timu nyingine?"

"Timu gani, Lyndon? Nani atakuchukua na miaka yako hiyo na goti hilo? Usipoingia kwetu, umekwisha. Utabaki na mapaa yako tu."

Nilisema kwa ukali, na niliona imemchoma. Lakini ilikuwa kweli na yeye aliijua. Huyu mtu anaishi kwa ajili ya pikipiki ile. Msimu wa baridi ukimtembelea unamkuta amekaa gereji anasafisha kitu kilichokwisha kusafishwa.

"Basi niumwe," akasema. "Nisiende kabisa."

"Ukikosa mechi bila cheti cha daktari unafungiwa."

"Nitaomba cheti."

"Daktari wako anakaa kona ya nne, kijitabu mkononi. Atakuandikia nini? Kwamba una wastani?"

Akacheka, halafu akawa anasukuma njegere pembezoni mwa sahani. "Dada, mwaka huu sijashinda hata mbio moja. Nilitaka angalau moja kabla ya kufunga msimu. Moja tu."

"Utashinda mwakani."

"Unasema?"

"Nakuhakikishia. Wewe nisikilize mimi, hesabu ni kazi yangu. Pointi nne, basi. Na usiharibu waziwazi, refa akiona unashindwa makusudi atakufungia vilevile."

"Kwa hiyo nishindwe, lakini nishindwe kwa bidii."

"Ndiyo hivyo. Kula njegere zako."

Sikumwambia mtu mwingine yeyote. Lakini usisahau mimi naishi Skelby, na watu wa Skelby wanajua kujumlisha. Jumapili nilipofika, Norman Tasker, jirani yangu wa jukwaani, mzee mwenye saa ya kupimia shingoni na chupa ya chai kati ya miguu, akaniinamia sikioni.

"Nne, siyo?"

"Nne nini?"

"Avril, usinifanye mtoto. Nimepiga hesabu jana. Mke wangu kapiga, kapata nne. Mwenye kibanda cha chipsi kapata tano, lakini yule alisahau kugawanya."

Nikageuka nyuma. Mstari mzima wa watu wakanikonyeza. Uwanja mzima ulikuwa unajua, isipokuwa labda refa, na Drayford, ambao hawakuwa na sababu ya kujua.

Mbio yake ya kwanza alikwenda vizuri, nikimaanisha vibaya. Alitoka mwanzoni taratibu, akamaliza wa tatu, pointi moja. Watu wakapiga makofi ya adabu. Norman akaandika, akasema, "Bado tatu. Ana nafasi."

Mbio ya pili ndiyo iliyonipandisha presha. Lyndon alikuwa na Bartek, Mpolandi wetu, kijana mwenye kasi ambaye kila wiki anaendesha katika nchi tatu na hajui hata moja inakula nini. Drayford mmoja akaongoza, Bartek wa pili, Lyndon nyuma ya Bartek, wa tatu. Nikashusha pumzi. Pointi moja tena, jumla mbili. Norman akanishika mkono.

"Avril. Amemaliza nyuma ya mwenzake."

"Najua, na..." Nikakwama hapo hapo. Ukimaliza nyuma ya mwenzako wa timu ukiwa umempiga mpinzani, unapewa pointi ya ziada, na kwenye wastani inahesabiwa. "Aaa! Mjinga yule! Si angempita Bartek!"

"Angempita angekuwa wa pili, angepata mbili vilevile."

"Basi angekuwa wa mwisho!"

"Ungemwambia."

Nikashuka mbio hadi kwenye uzio wa karakana ya pikipiki, nikamwita. Akaja na kofia mkononi, uso umejaa mchanga, macho mawili tu yanaonekana.

"Una tatu," nikamwambia.

"Tatu zimetoka wapi? Nina mbili!"

"Umemfuata Bartek. Ya ziada."

"Lo!" Akajipiga paji la uso. "Nilimfuata kwa kuwa ndiyo njia rahisi! Sasa nifanyeje?"

"Una mbio mbili. Kwenye moja pata pointi moja, kwenye nyingine usipate kitu."

Clive alikuwa amesimama pembeni akijifanya anaangalia tairi. Bila kuinua kichwa akasema, "Mimi sijasikia chochote. Lakini msikilize dada yako."

Mbio ya tatu akapata moja kama tulivyokubaliana, na nadhani alijitahidi akose hata hiyo, maana yule wa Drayford aliyekuwa nyuma yake alikuwa mzito ajabu na Lyndon alimsubiri mara mbili. Jumla nne. Ikabaki mbio ya kumi na nne, ya mwisho kwake. Alitakiwa kumaliza wa mwisho, basi. Mtu mwenye mgongo mbovu na miaka arobaini na mitatu, anashindwaje kuwa wa mwisho?

Walijipanga. Lyndon na Bartek wetu, mzito wao, na Mdenishi mmoja mgeni kwenye ligi, anaitwa Mikkel, mrefu, mwenye nywele nyeupe. Utepe wa kuanzia ukaruka juu. Lyndon akatoka wa mwisho, vizuri kabisa, jukwaa zima likasema "Aaah" kwa raha. Wakaingia kona ya kwanza, Bartek na mzito wakagusana mabega, wote wawili chini. Wakaviringika hadi kwenye uzio, wakasimama haraka, wakavuta pikipiki zao nje ya njia. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo refa hakuwasha taa nyekundu. Mbio ikaendelea na watu wawili: Mikkel mbele, Lyndon nyuma.

"Wa pili!" Norman akasema. "Wa pili ni pointi mbili!"

"Naona, Norman!"

"Mbili na nne ni..."

"Najua kujumlisha!"

Nikasimama juu ya kiti. Mimi mwanamke mwenye miaka hamsini na minane, mwenye heshima zangu, nikapiga kelele ambayo sikuwahi kupiga maishani kwa mdogo wangu niliyemfundisha kuendesha baiskeli. "Lyndon! Simama! Anguka! Anguka, mwanaume wewe!"

Na wenzangu wakapokea. Watu mia sita wa Skelby, kwa sauti moja: "A-ngu-ka! A-ngu-ka!" Kwenye ukingo wa wageni, mashabiki wa Drayford kama arobaini hivi wakawa wanatazamana. Mmoja akauliza, nilimsikia waziwazi, "Huyu kawafanya nini?"

Lyndon akasikia. Nilimwona akipunguza mafuta. Mzunguko wa tatu alikuwa nyuma ya Mikkel kwa nusu uwanja, anakwenda mwendo wa mtu anayetafuta namba ya nyumba. Nikajua anapanga kuzimika mzunguko wa nne, mbali, kistaarabu, halafu ainue mikono kama aliyesikitika. Mpango mzuri. Angefanya hivyo tungekuwa tumemaliza.

Lakini mzunguko wa nne, upande wa pili kule, pikipiki ya Mikkel ikakohoa mara mbili ikafa. Palepale katikati ya njia. Na Lyndon, ambaye alikuwa ametoka tu kuongeza mafuta kidogo ili refa asimshuku, akawa anamwendea moja kwa moja. Angefanya nini? Breki hakuna. Akamkwepa, akampita, akaingia kona ya mwisho akiwa peke yake, anaongoza.

Uwanja ukanyamaza. Nakuapia, nilisikia chipsi zikikaangwa.

Alipotoka kwenye kona, mstari ulikuwa mbele yake, wazi, na yule mzee wa bendera tayari ameinua mkono. Lyndon akafunga mafuta yote. Pikipiki ikapunguza mwendo, ikapunguza, ikajikokota. Nilimwona ameinamia mbele anautazama ule mstari. Kwa muda nilidhani anavuka. Nikapiga kelele peke yangu, hakuna mwingine aliyepiga: "Lyndon! Usivuke!"

Akaweka mguu chini. Ikasimama. Norman, ambaye macho yake bado mazuri, akasema, "Mita sita."

Sasa mtu aliyesimama mita sita kutoka mstarini, akiwa anaongoza, pikipiki inanguruma, anamwambia nini refa? Lyndon akazima injini. Akashuka. Akachuchumaa akaanza kuchunguza mnyororo, pingili moja moja, kwa utulivu mkubwa. Simu ya refa ikalia pale kwenye kijisanduku cha mstarini. Mzee wa bendera akapokea, na kwa kuwa ana matatizo ya masikio, huongea kwa sauti ya kuita ng'ombe, hivyo sote tulisikia upande wake.

"Ndiyo, mheshimiwa... Anaangalia mnyororo... Sijui, mheshimiwa... Hapana, naona upo mahali pake... Nimuulize?" Akageuka. "We Lyndon! Refa anauliza mnyororo una nini!"

"Mwambie nauangalia!"

"Anasema anauangalia, mheshimiwa!... Mheshimiwa anasema ameona kwamba unauangalia!"

Hapo ndipo mtu mmoja akapiga kelele, "Mdenishi! Mtazameni Mdenishi!"

Kule ng'ambo, Mikkel alikuwa ameanza kusukuma. Ni haki yako: pikipiki ikizimika unaweza kuisukuma hadi mstarini, mradi usisaidiwe na mtu, na pointi ni zako. Kwa kawaida watu husukuma wakitafuta pointi moja. Huyu alikuwa ameona anayeongoza kasimama, akafikiri ameota. Kilo themanini za chuma, changarawe inafika kwenye vifundo, mavazi ya ngozi, nusu mzunguko mzima mbele yake.

Hujaona mapenzi mpaka uone watu wa Skelby wakimpenda mtu wa Drayford. Tulisimama wote. Akina mama wanapiga sufuria za kibandani. Norman anapima kwa saa yake. "Twende, Mikkel! Twende, baba! Usipumzike!" Alipofika kona akasita, akashika kiuno, na jukwaa zima likalia kwa uchungu wa kweli. Bartek, yule aliyeanguka, akawa anatembea pembeni yake upande wa ndani akimhimiza kwa Kipolandi. Daktari wa Lyndon alikuwa juu ya uzio akipunga kijitabu. Mashabiki wa Drayford walikuwa wamekaa kimya kabisa, wana wasiwasi, nadhani walihisi wanaibiwa ila hawajui wanaibiwa nini.

Mikkel akatoka kwenye kona akiwa mwekundu kama changarawe yenyewe, akamfikia Lyndon. Akasimama. Tulimsihi asisimame, akasimama.

"Rafiki," akasema huku anahema. "Wewe ni wa kwanza. Nenda."

"Tangulia tu," Lyndon akajibu kutoka kwenye mnyororo.

"Lakini ni hatua chache! Sukuma!"

"Mgongo wangu mbovu. Tangulia bwana, usione haya."

"Mimi siwezi kupita mzee hivi. Si vizuri. Nikusaidie?" Na akaegesha pikipiki yake kwenye nyonga, akanyoosha mkono kuishika ya Lyndon!

"Usiiguse!" Lyndon akaruka. "Nitakushukuru milele, ila usiiguse! Nikivuka sina kazi mwakani!"

Mikkel akamtazama. Akalitazama jukwaa, watu mia sita wanamwonyesha mstari kwa vidole. Kisha akauliza, wala hakuwa na kejeli, alitaka kujua kabisa: "Hapa kwenu mtu anapewa kazi kwa kushindwa?"

Watu wa mstari wa mbele wakaangua kicheko. Lyndon hakucheka. Aliinamia tena mnyororo wake, na Mikkel akatikisa kichwa, akasukuma zile mita sita, akavuka. Bendera ikashuka. Kelele zilizopigwa siku ile hatujawahi kuzipiga hata mwaka tulipochukua kombe. Mikkel akainua mkono mmoja, polepole, kama anayeogopa kupigwa. Refa akangoja kidogo, akaona mnyororo bado unaangaliwa, akafunga mbio. Lyndon Ruddock: hakumaliza. Sifuri.

Nilikumbatiana na Norman, chai ikamwagika. Clive alikuja mpaka jukwaani, akanibusu shavu, akasema, "Sijaona chochote, Avril, lakini asante." Lyndon aliirudisha pikipiki karakana kwa miguu, watu wanampigapiga mabega juu ya uzio, wanamwita shujaa. Alikuwa anatabasamu. Mimi niliuona mdomo tu ukitabasamu, nikaamua ni uchovu.

Novemba wenye timu walikutana hotelini kwa siku mbili, kama kawaida yao, mlango umefungwa, sandwichi zinaingia. Siku ya pili saa sita mchana Clive akanipigia. Alianza kwa kuniuliza habari za nyumbani. Nikajua.

"Sema, Clive."

"Wamekishusha kikomo, Avril. Thelathini na nane. Wanasema gharama zimepanda, timu mbili zinataka kujitoa, lazima ligi ishushwe. Nilipiga kura kukataa."

Thelathini na nane. Toa thelathini na tano nukta nane. Inabaki mbili nukta mbili. Nilipiga hesabu ile mara tatu kwenye bahasha, ikatoka vilevile mara tatu.

"Kuna Mwaustralia mmoja, mgeni, wanampa wastani wa pointi mbili," Clive akasema. "Anaingia. Ningeweza kumtoa mwingine nimbakishe Lyndon, lakini wewe mwenyewe..."

"Najua, Clive. Unamtoaje mwenye pointi nane umweke mwenye nne."

"Utamwambia wewe, au nimwambie mimi?"

"Mimi."

Nilimkuta juu ya paa la kanisa dogo la barabara ya mfereji, akipanga vigae, jua la baridi linamwangaza mgongo. Nikapanda ngazi mpaka kichwa changu kikafika usawa wa paa. Mimi naogopa ngazi, na yeye anajua naogopa, kwa hiyo aliponiona tu akaweka nyundo chini.

"Wamesema ngapi?"

"Thelathini na nane."

Akatazama juu kidogo, midomo inacheza. Ni watu wa spidwei sisi, hatuhitaji karatasi.

"Kwa hiyo mimi simo."

"Humo, mdogo wangu. Pole. Pole sana."

Akatikisa kichwa. Akafuta mikono kwenye suruali, mmoja halafu mwingine. Chini barabarani mtu alikuwa anajaribu kuegesha gari na anashindwa, tukamwangalia wote wawili kwa muda.

"Na siku ile ningepata tano?" akauliza.

"Usingekuwemo."

"Na zile tatu? Ningevuka, nikapata saba zote?"

"Lyndon, acha."

"Nauliza tu. Wewe ndiye mwenye hesabu."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anitupie hata kigae.

"Usingekuwemo vilevile," nikasema. "Kwa nne, kwa saba, ilikuwa yaleyale."

"Kwa hiyo ningeweza kuvuka."

"Ungeweza kuvuka."

Aliinama akachukua kigae kingine, akakiweka mahali pake, akakisogeza kidogo kwa kidole gumba mpaka kikakaa sawa na vingine. Halafu akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaniomba nimpe ile mikebe ya misumari iliyokuwa pembeni ya ngazi, nami nikampa mmoja baada ya mwingine.